Dramu za Zamani: Mpigaji Asilipe kwa Hesabu za Mkusanyaji

Katika biashara ya dramu za zamani, kinachopandisha bei mara nyingi hakisikiki. Seti mbili za Ludwig zilizotengenezwa Chicago katikati ya miaka ya 1960, kwa mbao zile zile na vipimo vile vile, huuzwa kwa bei zilizoachana mbali kwa sababu moja yao iliwahi kutobolewa ili ifungwe kishikio cha ziada, au ganda lake la plastiki lilibanduliwa likawekwa jipya. Zikipigwa umefumba macho, huenda usijue ipi ni ipi. Ndiyo maana nasema soko hili linauza bidhaa mbili kwa jina moja: chombo cha kupigia na kipande cha historia. Mpigaji anatafuta ya kwanza, mkusanyaji anatafuta ya pili, wote wawili wanasimama mbele ya muuzaji mmoja, na hasara huanza pale mmoja anapolipa kwa hesabu za mwenzake.

Chanzo cha bei za leo kinajulikana hadi tarehe. Februari 9, 1964, Beatles walipiga katika kipindi cha Ed Sullivan kwenye televisheni ya Marekani, na mbele ya mpigaji dramu wao, Ringo Starr, ilionekana ngozi ya dramu ya besi yenye jina la Ludwig. Vijana wakataka zile zile: besi ya inchi 20, tomu ya inchi 12 na tomu ya chini ya inchi 14, zenye mng'ao wa lulu nyeusi. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1909, ilifurikwa na oda. Wauzaji husimulia habari hii kwa fahari, lakini hawafiki kwenye matokeo yake. Dramu za Ludwig za miaka ile zilitengenezwa kwa wingi mkubwa, kwa hiyo seti ya kawaida si adimu hata kidogo. Tena kiwanda kinachokimbizana na oda hakina muda wa kusawazisha kila ukingo, na ndivyo ilivyo: ukingo unaobeba ngozi hutofautiana sana kati ya dramu moja na nyingine. Mwezi Desemba 2015 seti ya kwanza ya Ludwig ya Ringo, ya mwaka 1963, iliuzwa mnadani na kampuni ya Julien's kwa zaidi ya dola milioni 2, na mnunuzi alikuwa Jim Irsay, aliyekuwa mmiliki wa timu ya Indianapolis Colts. Fedha ile ililipia mikono iliyoipiga seti hiyo. Mbao zake zilikuwa kama za maelfu ya nyingine, na hakuna seti nyingine inayorithi bei hiyo kwa kufanana nayo rangi.

Mpigaji basi aanze na mzinga wenyewe, yaani mwili wa dramu. Aupime kipenyo kwa pande kadhaa aone kama bado ni mviringo, aulaze bila ngozi juu ya kioo au meza iliyonyooka kabisa na kutia mwanga ndani. Mwanga ukipenya chini, ukingo una kasoro. Atazame kama tabaka za mbao zimeachana. Kisha aulize jambo ambalo wengi hulisahau: je, ngozi za leo zitaingia? Premier za Uingereza za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 nyingi zina vipimo visivyolingana na vya sasa, na mwenye dramu hizo anaweza kuhangaika kila ngozi ikichanika. Gretsch za zamani za Brooklyn, zenye beji ya duara, zinasifiwa na wapigaji wengi wa jazi, lakini baadhi ya mizinga yake ni minene kidogo hata ngozi mpya inabana na kukataa kukazika sawasawa. Kasoro za namna hiyo ndizo za kumfanya mpigaji aondoke. Kromu iliyobabuka kwenye sneya ya Ludwig iitwayo Supraphonic, ambayo mwili wake ni wa alumini, haimpunguzii kitu. Ni ugonjwa unaojulikana wa sneya hizo, na kwake ni sababu nzuri ya kuomba punguzo.

Mkusanyaji ana kazi nyingine, na ni ngumu zaidi, kwa kuwa analipia uhalisi na uhalisi unaghushiwa. Namba iliyo kwenye beji ya Ludwig ya miaka ya 1960 haithibitishi mwaka, maana beji hazikufungwa kwa kufuata mpangilio wa namba. Beji yenyewe inaweza kuhamishwa. Ushahidi wenye uzito zaidi ni muhuri wa tarehe uliopigwa ndani ya mizinga mingi, na hata huo lazima ukubaliane na rangi ya ndani, aina ya beji na vyuma. Dramu tatu zenye mng'ao unaofanana si lazima ziwe zilitoka dukani pamoja. Ganda la plastiki hubadilika rangi kwa jua, na dramu zilizokaa chumba kimoja miaka 50 aghalabu hufifia kwa namna moja. Tomu moja iking'aa kuliko wenzake, pana swali la kuulizwa.

Wapo watakaosema mbao kuukuu ina sauti ambayo mbao mpya haina, kwa hiyo hata mpigaji ana sababu ya kulipa zaidi. Sikatai kwamba mizinga ya Ludwig ya wakati ule, yenye tabaka tatu tu na pete za kuimarisha kingo, inatoa sauti yenye joto inayotambulika. Ila sauti hiyo inatokana na muundo, na muundo huo umo vilevile katika dramu iliyotobolewa au kubadilishwa ganda. Ngozi, ukazaji na hali ya ukingo huibadilisha sauti kuliko umri. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: seti halisi hushika bei, kwa hiyo aliyelipa zaidi atarudishiwa akiuza. Hilo ni kweli kwa asiyeipiga. Seti inayobebwa kila wiki kwenda ukumbini hukwaruzwa, hupoteza skrubu, huhitaji kishikio kipya, na kila badiliko linakula ile ziada aliyoilipia. Aidha, bei za Ludwig zinategemea sana kizazi kilichoishuhudia miaka ya 1960, na kizazi hicho kinazeeka. Sioni busara kuweka akiba ya uzeeni kwenye mapenzi ya watu wa rika moja.

Kwa mpigaji ninaona nafasi kubwa zaidi nje ya jina la Ludwig. Slingerland, kampuni iliyojengwa sana kwa jina la mpigaji dramu Gene Krupa, na Rogers, iliyosifiwa kwa vishikio vyake vya Swiv-O-Matic, zilitengeneza dramu zinazostahili kushindana na zozote za enzi yao, na seti zao za kawaida mara nyingi hazibebi bei ya kumbukumbu ya Beatles. Kuna pia dramu mojamoja zilizotenganishwa na seti zake, kwa sababu wafanyabiashara wengine huvunja seti na kuuza beji, vishikio na mizinga mbalimbali wakipata zaidi ya bei ya seti nzima. Desturi hiyo inaharibu urithi ambao haurudi, na mkusanyaji anayenunua beji tupu anaichochea. Mpigaji anayeokota mzinga uliobaki, akautafutia vyuma vinavyofaa na kuupiga, anauokoa.

Anayeagiza kutoka Marekani kuja Dar es Salaam au Mombasa aongeze nauli, bima na ushuru kabla ya kusema amepata bei nafuu, kwani besi ni mzigo mkubwa unaojaa hewa na nauli huangalia ukubwa wake pamoja na uzito. Na popote alipo, kabla ya kutuma hata senti, mnunuzi adai picha za ndani ya kila mzinga, za kila ukingo bila ngozi, na za kila tundu. Muuzaji akikataa kufungua ngozi, aachwe na dramu zake.