Chapati Ambayo Simu Haiijui

Fungua aplikesheni yoyote ya kuhesabu kalori, andika "chapati", na utaletewa orodha ndefu. Moja ina kalori 100, nyingine 120, nyingine 300. Zile za chini mara nyingi ni chapati ya Kihindi, ile inayochomwa kwenye chuma kikavu. Ya kwetu unga wake umekandwa na mafuta, ukasukumwa, ukapakwa mafuta, ukaviringwa, kisha ukarudi kwenye mafuta mara ya tatu jikoni.

Tupige hesabu. Nusu kilo ya unga wa ngano ina takriban kalori 1,800. Mafuta, kuanzia kukanda hadi kuchoma, kwa mpishi asiye na mkono wa birika hufika mililita 150, nayo yana kalori 1,200 na ushee. Zikitoka chapati kumi, kila moja ina kama kalori 300, na 120 kati ya hizo ni mafuta matupu. Aliyechagua ile ya kalori 100 kwenye simu, akanywea chai mbili asubuhi, kalori 400 zimempita bila kuandikwa, na bado hajala mchana. Ndiyo maana sishangai mtu akiniambia anaandika kila kitu na mizani haishuki. Mara nyingi nidhamu anayo. Namba ndizo za kuazima.

Na kuazima huko kuna sababu. Programu zinazopendwa, kama MyFitnessPal na FatSecret, sehemu kubwa ya orodha zake hujazwa na watumiaji wenyewe, popote walipo duniani. Takwimu za vyakula vyetu zipo, ila ziko kwingine. Tanzania ina jedwali lake la viinilishe, lililotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Kenya ilitoa la kwake mwaka 2018 kwa kushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Yote mawili yanapakuliwa bure, na humo utakuta mchicha, dagaa na unga wa muhogo vikiwa vimepimwa.

Dawa ya namba hizo za kuazima ni kuacha kutafuta jina la chakula na kuandika sufuria. Programu nyingi zina sehemu ya mapishi: unaingiza viungo vikiwa vibichi, unga kiasi gani, nazi ngapi, mafuta vijiko vingapi, kisha unasema sufuria imeliwa na watu wangapi. Kazi hiyo unaifanya mara moja kwa kila pishi, ukaihifadhi. Mafuta yapime kwa kijiko cha chakula, maana kijiko kimoja kina kalori 120 hivi na jicho la mpishi huwa halioni zaidi ya nusu yake. Asiyetaka usumbufu huo aandike kwenye chupa tarehe aliyoifungua. Lita moja ikiisha kwa siku tano katika nyumba ya watu watano, kila mmoja anakula zaidi ya kalori 300 za mafuta kwa siku. Hapo hata intaneti haikuhitajika.

Sinia nalo lina mambo yake. Programu hizi zimetengenezwa kwa mtu mwenye sahani yake na kipimo chake. Mkila watano pilau kwenye sinia moja, nani ajue tonge zake? Wanaotaka kupima nawashauri wajipakulie pembeni kwa wiki mbili tu, waione sehemu yao ilivyo, kisha warudi kwenye sinia na wenzao. Kumtenga mtu na mlo wa familia kwa ajili ya simu ni gharama kubwa kuliko kitambi.

Kuna jambo linalonikera zaidi. Elekeza kamera kwenye mistari myeusi ya pakiti ya biskuti, na programu inakupa kila kitu kwa sekunde moja. Tembele la sokoni halina mistari. Kwa hiyo chakula cha kiwandani ndicho rahisi kuandika, na mtu mvivu wa kuandika huanza taratibu kula kinachoandikika. Halafu huduma yenyewe ya kusoma mistari hiyo, MyFitnessPal iliihamishia kwa wanaolipa mwaka 2022. Open Food Facts, mradi wa kujitolea ulioanzia Ufaransa mwaka 2012, bado unaisoma bure. Kumbuka pia kwamba unachokiandika ni taarifa za mwili wako: mwaka 2018 MyFitnessPal ilitangaza kuwa wadukuzi wameingia kwenye akaunti zipatazo milioni 150. Jina la utani na barua pepe ya pembeni vinatosha kujisajili.

Je, programu yenyewe inasaidia? Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo ya wagonjwa 212 wenye uzito uliozidi. Nusu walipewa MyFitnessPal. Baada ya miezi sita tofauti ya uzito kati ya makundi hayo mawili haikuwa ya maana, na wengi walikuwa wameacha kuitumia kwa kiasi kikubwa baada ya mwezi wa kwanza. Mimi nasoma hapo kwamba anayesaidika ni yule anayeandika, na anayeandika ni yule asiyechoshwa. Picha ya kila mlo kwenye simu, bila kalori hata moja, inamfaa mtu huyo kuliko programu aliyoisusa.

Usiruhusu hatua zinazohesabiwa na simu zikuhonge. Mtu wa kilo 70 akitembea kilomita tano anaunguza kama kalori 250, hazifiki chapati moja, lakini programu nyingi humrudishia hizo kama posho ya kula. Zima kipengele hicho. Na ikikuuliza unataka kupungua kiasi gani kwa wiki, chagua nusu kilo au pungufu, kwa sababu kilo nzima inadai upungufu wa kalori zipatazo 1,100 kila siku, na huko ni kushinda na njaa.

Mjamzito, anayenyonyesha, kijana anayekua na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini wasianze na simu. Waanze na afisa lishe wa halmashauri au kliniki yao. Na anayepungua bila kujaribu asifurahie grafu inayoshuka, aende akapimwe.