Je, Wajua? Mume Aliyenyang'anywa Mkewe na Riwaya Iliyotoka Ukerewe

Ukipanda meli Mwanza kwenda Nansio, unashukia katika kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria. Je, wajua kwamba huko Ukerewe, Kagunguli, ndiko ilikoandikwa riwaya ya mapenzi ambayo shujaa wake ni mwanamume aliyeumizwa moyo, na kwamba mwandishi wake aliimaliza Februari 1945? Mwandishi huyo ni Aniceti Kitereza. Kitabu kinaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, yaani familia nzima imetajwa kwenye jalada: baba, mama, mwana na binti. Kitereza alizaliwa mwaka 1896, na alikuwa akikaribia miaka 50 alipoandika mwisho wa hadithi, lakini mambo anayoyasimulia ni ya zama za babu zake, wakati Ukerewe ilikuwa chini ya watawala wake, Abakama, na Mzungu hajatia mguu kisiwani. Kwa hiyo hata alipokuwa akiiandika, tayari ilikuwa riwaya ya kihistoria.

Je, wajua shujaa huyo aliumizwa na nini? Si vita, wala si mwanamke aliyemsaliti. Myombekere na Bugonoka wanapendana, ila hawajajaliwa mtoto wa kumlea. Ndugu wa mume wanaanza maneno. Wanamtaka Myombekere aoe mwingine, na masimango yao yanamwangukia Bugonoka. Wazazi wa Bugonoka wakipata habari kwamba binti yao anadharauliwa, wanakuja na kumchukua. Mume anabaki na nyumba, ng'ombe na upweke.

Hapo ndipo Kitereza alipofanya jambo ambalo kwangu ndilo linalokifanya kitabu hiki kiwe kikubwa. Hakumpa Myombekere hotuba ndefu za kulia mapenzi. Alimwonyesha katika kazi za kila siku ambazo sasa hazina mtu wa pili: chakula kinachopaswa kupikwa na mwanamume asiyezoea kupika, mji unaotazamwa na majirani wote wakijua nani hayupo. Uchungu wa mtu unaonekana katika yale yanayomshinda kuyatenda peke yake. Na wakati ukoo unamwambia njia rahisi ni mke mwingine, yeye anamtaka Bugonoka. Katika jamii ambayo kuoa wa pili hakukuwa kosa wala aibu, huo ni ukaidi wa mapenzi, na Kitereza anausimulia kwa heshima.

Wasomaji wa riwaya za Ulaya wamezoea shujaa mwenye jeraha la moyo anayelificha. Rochester, katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847, amemfungia mkewe wa kwanza ghorofani na anaifanya siri. Myombekere hana pa kuficha. Jeraha lake limejadiliwa na shangazi, wajomba na majirani, na hata dawa yake itatafutwa hadharani, mbele ya wakwe.

Je, wajua kwamba toba ya shujaa huyu ilipimwa kwa pombe ya ndizi? Myombekere anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mkewe, na baba mkwe hamrudishi hivihivi. Anamtoza faini ya pombe. Msomaji wa leo anaweza kudhani hilo ni jambo dogo, mpaka amwone mtu akiitengeneza pombe yenyewe. Kwa watu wa kanda ya Ziwa, kazi hiyo inaanza shambani siku kadhaa kabla. Ndizi zikatwe zingali mbichi, zivundikwe mpaka ziive zote kwa pamoja, zimenywe, kisha zikandwe na nyasi mpaka zitoe maji yake. Maji hayo yachujwe, yatiwe unga wa mtama au ulezi uliokaangwa, yafunikwe na kuachwa yachachuke. Ukikosea kuivisha, juisi haitoki. Ukichelewa, pombe inageuka siki. Na haibebwi na mtu mmoja: unahitaji migomba, unahitaji vyombo, unahitaji rafiki na majirani wa kukanda, kuchuja na kubeba njiani hadi kwa wakwe.

Mkwe alijua alichokuwa akikidai. Mume ambaye ukoo wake ulimdharau mkewe anatakiwa sasa akusanye watu, atoe jasho, na kila atakayemwona njiani na vyombo vya pombe ajue anakwenda kumwomba radhi nani. Kitereza halikimbilii jambo hili. Anaieleza pombe, maamkizi ya ukweni na mapokezi ya wageni kwa subira ya mtu anayetaka mjukuu aweze kuyafanya tena siku moja. Wapo waliolalamika kwamba riwaya inachelewa kwa ajili ya mila. Mimi nasema kurasa hizo ndizo za mapenzi hasa, kwa sababu Myombekere hana lugha nyingine ya kumwambia Bugonoka kwamba anamtaka.

Bugonoka anarudi. Baada ya hapo mume na mke wanamtafuta mganga, matibabu yanachukua muda, na mwishowe anazaliwa Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Juzuu ya pili ni ya watoto hao.

Je, wajua kwamba majonzi ya kukosa watoto Kitereza hakuyabuni? Alikuwa wa ukoo wa watawala wa Ukerewe, alisoma misheni ya Kagunguli kwa Mapadre Weupe, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akajifunza Kilatini na lugha nyingine. Hakuwa padre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Walizaa, na watoto wao wote wakatangulia mbele ya haki. Kitereza alifanya kazi Mwanza katika kampuni ya biashara ya Waitaliano kabla ya Vita Kuu ya Pili, halafu akarudi kisiwani. Alibaki na Anna. Ukishajua hayo, ule ukaidi wa Myombekere mbele ya ukoo wake unausoma kwa jicho lingine, na baraka ya watoto wawili aliyompa Bugonoka inakuwa nzito mno.

Je, wajua kwamba kitabu kilisubiri miaka 35? Kitereza aliandika kwa Kikerewe, kwa sababu alitaka vijana wa kwao wausome ulimwengu wa mababu katika lugha ya mababu. Mchapaji wa riwaya ya Kikerewe hakupatikana. Padre Almas Simard, Mkanada aliyekuwa akimtia moyo, aliuchukua muswada kwa nia ya kuutafsiri kwa Kifaransa, lakini alifariki mwaka 1954 kabla kitabu hakijatoka. Muswada ukakaa. Miaka ya mwisho ya 1960 wakafika Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, waliokuja kutafiti historia ya Wakerewe. Wakamkuta mzee mwenye hazina ndani ya nyumba. Wakamshauri aiweke kwa Kiswahili, ili ipate wasomaji. Mzee aliyepita miaka 70, viungo vikimuuma kwa baridi yabisi, akaanza upya kazi ambayo alikwisha kuimaliza robo karne nyuma.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa kitabu mwaka 1980, kwa juzuu mbili, na kilichapwa China. Kitereza alifariki mwaka 1981. Nakala zilizosafiri kutoka China hazikuwahi kumfikia mkononi. Kila ninapokumbuka jambo hilo naumia, maana hakuwa na mtoto wa kumpokelea.

Kwa ufupi tu, kisiwa hicho hicho kilimtoa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kuandika Rosa Mistika mwaka 1971 na Kichwamaji mwaka 1974. Kilimtoa pia Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa Miradi Bubu ya Wazalendo. Kisiwa kimoja, waandishi watatu wa kiwango hicho! Sijui wilaya nyingi za Tanzania zinazoweza kuhesabu hivyo.

Ruhumbika ndiye aliyekitafsiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza, moja kwa moja kutoka Kikerewe, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakakitoa mwaka 2002. Wajerumani walikuwa wamekwisha kukipata tangu 1991 kwa kazi ya Wilhelm Möhlig, na Wafaransa wakakipata mwaka 1996. Mara nyingi nakutana na mwalimu au mwanafunzi aliyekisikia kwa mara ya kwanza kupitia tafsiri hizo, na anashangaa akiambiwa kwamba Kiswahili kilitangulia. Kilitangulia kwa miaka 11, tena si kwa mkono wa mfasiri mgeni. Mjerumani, Mfaransa na Mwingereza wanamsoma Kitereza kupitia mtu wa kati. Kiswahili cha juzuu zile mbili za mwaka 1980 ni chake mwenyewe, neno kwa neno, kutoka Kagunguli ile ile, na ukizikuta katika rafu ya maktaba, hata kama zimechakaa, ziazime zote mbili kwa pamoja.