Gunia la mama mshonaji

Mshonaji akifa huku kwetu Musienene, Kongo, matanga yakaisha na wageni wakarudi makwao, watu wa nyumbani hubaki wakitazamana na mashini yake. Nguo zake za kuvaa hazisumbui: dada atachukua kitambaa cha kichwa, wifi atachukua koti la baridi. Lakini ile mashini ya mguu, makasi mazito, pasi ya makala, kopo la vifungo na gunia la mabaki ya vikwembe lililosukumwa chini ya kitanda, hivyo ni vya nani? Sikilizeni vizuri, wajukuu zangu, kwa sababu siku hiyo mara nyingi huitwa mtoto, yule mwenye macho makali aliyekuwa akimtungia bibi uzi kwenye sindano.

Jambo la kwanza: kabla hamjagawana hata sindano moja, toeni vya watu. Ndani ya kabati la mshonaji, vitu vingi si mali yake. Mtakuta kikwembe cha yadi 6 kimekunjwa vizuri, juu yake kipande cha karatasi kimeshikizwa kwa pini, na maandishi ya haraka: kifua, kiuno, urefu, jina la mtu. Hicho ni kitambaa cha mteja, nacho hakirithiwi. Mtakuta na blauzi yenye mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa bado haujashonwa. Fungeni vipande vyote vya nguo hiyo pamoja, hata kile kidogo cha kola, mmrudishie mwenyewe. Na kama alikwisha kutoa avansi, basi ama apewe fedha yake, ama atafutwe mshonaji mwingine amalizie. Mama aliyelipia nguo ya harusi ya Jumamosi hana kosa kwamba fundi amefariki Jumatano. Nyumba nyingi huharibu jina la marehemu hapohapo, kwa kuona aibu kumwita mteja.

Vya watu vikishatoka, ndipo ije habari ya warithi. Hapa msikubali kudanganywa kwa kelele. Kongo ina Sheria ya Familia, iliyotiwa saini tarehe 1 Agosti 1987 na kurekebishwa mwaka 2016. Kama marehemu hakuacha wosia, watoto wake wanapata robo tatu ya mali, wavulana na wasichana sawasawa. Sehemu inayobaki inawaendea mume au mke aliyebaki, wazazi, kaka na dada za marehemu. Kwa hiyo baba mdogo akija na pikipiki na kamba, anataka kuifunga mashini nyuma aondoke nayo, mwambieni kwa adabu: Baba, karibu uketi, jamaa bado haijakaa baraza.

Lakini mashini haikatwi vipande. Watoto wanne hawawezi kuchukua kila mmoja gurudumu na sindano. Mimi nasema wazi: apewe yule anayeshona au aliyeanza kujifunza, na wengine wafidiwe kwa kitu kingine, hata kidogokidogo. Kuiuza haraka sokoni Butembo ili fedha igawanywe ni njia rahisi, lakini fedha hiyo huisha kabla ya mwezi, na mashini nzuri ya mguu inaweza kumlisha mtu maisha yake yote, maana haingoji umeme.

Kuna jambo moja ambalo huku kwetu hatuwezi kuliruka. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikakaa mpaka Juni 2020, eneo la afya la Musienene lilikuwa miongoni mwa yaliyoguswa, na mwaka 2021 ugonjwa ukarudi tena kwa miezi michache. Kama mtu amefariki kwa ugonjwa wa namna hiyo, hakuna kufungua gunia. Vitambaa vyake havishikwi mpaka wauguzi waje, wapulize dawa, waseme kipi kinasalimika na kipi kinachomwa.

Sasa tuifungue mashini. Ikiwa imekaa wakati wa ugonjwa na wa matanga bila kuguswa, mafuta yamekauka ndani yamekuwa kama gundi. Usikanyage pedali kwa nguvu. Geuza gurudumu kwa mkono, polepole, usikilize. Ondoa kile kibati cha chini ya sindano: utakuta vumbi la nyuzi limeshikana kwenye meno yanayosukuma kitambaa, la rangi ya nguo zote alizoshona mwisho. Litoe kwa brashi ndogo. Tia tone moja moja la mafuta ya mashini kwenye vitundu vyake, wala usitie mafuta ya kupikia, maana hayo yanaganda. Kisha shona kitambaa kibovu, bila uzi, mpaka mafuta yaliyozidi yatoke. Hapo ndipo utaweza kushona nguo ya mtu bila kuitia madoa. Weka sindano mpya: namba 90 inatosha kwa kikwembe, namba 100 kwa jinzi. Uzi wa zamani ujaribu kwa kuuvuta kati ya mikono miwili. Ukikatika kirahisi, umeoza. Usiutumie hata kama rangi yake ni nzuri.

Makasi ya vitambaa hayakati karatasi. Bibi alikuwa akiwakemea kwa sababu hiyo, na alikuwa na haki.

Tumefika kwenye gunia, na hapa ndipo nataka mkae. Musienene ni nchi ya mlima na ukungu, kusini mwa Butembo, na asubuhi baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mabaki ya vikwembe yakiunganishwa na kutiwa kitambaa kizito chini yake yanakuwa tandiko linalofaa. Mwageni gunia lote mkekani. Mtaona kipande cha kikwembe cha tarehe 8 Machi, cha sikukuu ya wanawake. Kipande cha yubile ya parokia. Kipande cha harusi ambayo ukoo mzima ulivaa sare. Geuza kila kimoja: waksi ya kweli ina rangi sawa pande zote mbili, lakini ile iliyochapwa upande mmoja ina mgongo uliopauka. Ufundi wa waksi ulitoka Java, Waholanzi wakauiga viwandani. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, inatengeneza vitambaa tangu 1846. Siku hizi vikwembe vingi wafanyabiashara wa Butembo wanavileta kutoka China, kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa lori hadi mpakani Kasindi.

Kabla ya kuunganisha, loweka kila kipande, ukibanie kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kiweke kando, la sivyo kitachafua vyote mara ya kwanza kufuliwa. Chenye ukungu mweusi kikaushwe juani. Kama bado kinanuka, kitupwe.

Wako watu wanaoijua kazi hii ya kuunganisha vipande kutuzidi. Ni Wasiddi wa Karnataka, India, ambao wahenga wao wengi walivushwa bahari kutoka Afrika Mashariki wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona tandiko linaloitwa kawandi kwa nguo zilizochakaa. Wanaanzia ukingoni, wanazunguka kwa mkono wakiingia ndani, kipande juu ya kipande, mpaka wanakutana katikati. Kwenye pembe wanatia vikunjo vidogo wanavyoviita phula, yaani maua, na bila hivyo kazi huhesabiwa haijaisha. Na Alabama, Marekani, mwaka 1942, Missouri Pettway alifiwa na mumewe, akazichukua nguo zake za kazi akazishona kuwa blanketi. Leo blanketi za kijiji chake, Gee's Bend, zinatundikwa kwenye majumba ya makumbusho.

Vitakavyobaki, msivirundike tena chini ya kitanda. Vita vilipofika Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, watu wengi walikimbilia kaskazini, Lubero na Butembo, na kati yao hawakosekani washonaji walioacha mashini zao nyuma. Zipu, vifungo na uzi mzima ni mtaji kwa mtu wa namna hiyo.

Nanyi ambao bibi yenu bado anashona, msingoje. Jumapili hii kaeni naye, na kalamu na karatasi, muandike jina la mwenyewe juu ya kila kifurushi, na avansi aliyotoa. Kisha mwulizeni bila kuogopa: mashini hii, Bibi, unataka tumpe nani?