Ekstensheni Iko Wapi?

Mtu atokaye Korogwe kwenda Handeni ana kilometa 65 za kusafiri, na siku hizi njia ni lami. Ni mwendo wa saa moja, au saa moja na dakika chache kwa dereva asiye na papara. Mwezi uliopita mimi nilitumia saa sita. Hakukuwa na ajali, wala daraja halikusombwa na maji. Kilichokosekana ni kipande cha chuma kisichozidi urefu wa penseli.

Tulikuwa abiria wanane ndani ya Noah, ile ya zamani ambayo injini yake imekaa chini ya viti vya mbele. Tulipokuwa hatujafika hata nusu ya njia, gari likaanza kukohoa, likatetemeka, likazima. Dereva akapiga simu Korogwe. Baada ya dakika arobaini hivi fundi akafika kwa bodaboda, kijana mwenye adabu, akiwa na mwanafunzi wake nyuma na sanduku la spana limefungwa kwa mpira wa tyubu. Akawaamkia wazee, akainua kiti, akamwambia dereva awashe. Akasikiliza kidogo tu. "Plagi," akasema. "Mbili hazichomi."

Alikuwa sahihi, na nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani namsengenya. Ujuzi hakuupungukiwa.

Lakini plagi za injini ile hazikai juu mahali pa kuonekana. Zimezama ndani ya visima vyembamba katikati ya kichwa cha injini, na mkono wa mtu haufiki. Hapana budi uwe na soketi ndefu ya plagi, namba 16, uichomeke kwenye chuma cha kurefushia ambacho mafundi wetu hukiita ekstensheni, kisha ekstensheni uichomeke kwenye ule mkono unaolia tek-tek-tek, yaani racheti. Fundi akafungua sanduku. Soketi ipo. Racheti ipo. Akapekua, akapekua tena, mwishowe akamwaga vitu vyote juu ya kanga ambayo mama mmoja alikuwa ameitandika majanini. Zikatoka ekstensheni tatu. Mbili zilikuwa nene mno kwa soketi ile. Ya tatu ilikuwa ya kipimo chake, lakini fupi kama kidole gumba.

"Iko wapi ile ndefu?" akamwuliza mwanafunzi.

"Jana uliitumia kwenye Fuso, fundi."

Fundi akanyamaza. Bodaboda ikageuza kurudi Korogwe kutafuta ya kuazima, nasi tukakaa chini ya mti. Mama mwenye kanga alikuwa na matenga mawili ya nyanya za kuuza Handeni, na kila baada ya muda aliinuka kwenda kuyatazama, kama mtu atazamaye mgonjwa.

Sasa, msikilizaji, yafaa tuelewe jambo lenyewe, kwa maana wengi wetu hudhani sanduku la fundi ni rundo la vyuma tu, na kwamba fundi hodari hujua mwenyewe chake kilipo. Spana ya kawaida ni chombo kimoja chenye kazi moja. Namba 14 ni namba 14. Soketi si hivyo. Soketi ni familia ya vipande ambavyo kila kimoja peke yake hakifai kitu. Huko Marekani mwaka 1920 kampuni ya Snap-on ilianza biashara kwa wazo hilohilo: mikono mitano na soketi kumi, zinazobadilishana, zifanye kazi ya spana hamsini. Hesabu hiyo ni tamu, lakini ina upande wake wa pili ambao muuzaji hausemi. Ukipoteza spana moja kati ya hamsini, umebaki na arobaini na tisa. Ukipoteza kiungo kimoja kati ya vile vinavyobadilishana, huenda umepoteza kazi kumi kwa mpigo.

Vipande hivi huungana kwa ncha ya mraba. Kuna mraba wa robo inchi, wa 3/8, wa nusu inchi, na kwa malori makubwa wa robo tatu na inchi nzima. La ajabu ni kwamba hata soketi za milimita, zitokazo Japani au Ujerumani, mraba wake bado hupimwa kwa inchi. Basi ndani ya sanduku moja fundi wetu ana vipimo viwili vinavyoishi pamoja bila kusalimiana: tundu la mbele la milimita, tundu la nyuma la inchi. Na kama amerithi vifaa vya mzee aliyetengeneza Land Rover na Bedford za zamani, hata matundu ya mbele nayo yana inchi. Soketi ya milimita 13 huingia kwenye kichwa cha bolti chenye upana wa nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Huingia, naam, lakini inacheza, na siku bolti ikiwa imekaza inazila zile pembe sita na kuiacha duara kama kifungo.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea katika kupanga. Huweka soketi zote pamoja, ekstensheni zote pamoja, mikono yote pamoja, na kwa macho sanduku linaonekana nadhifu. Lakini kazini mkono hautafuti "ekstensheni". Unatafuta ekstensheni ya mraba fulani. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutenganisha ni mraba. Vya 3/8 vyote vikae upande wao: racheti yake, ekstensheni zake toka fupi hadi ndefu, kifundo chake kinachopinda, soketi zake kwa kufuata namba. Vya nusu inchi navyo vivyo hivyo. Ukivipaka kila ukoo rangi yake, alama ndogo tu ya rangi ya mafuta, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hawezi kukuletea cha ukoo mwingine.

Zile adapta za kuunganisha mraba mkubwa na mdogo ziwe na mahali pake pekee, tena pa kuonekana, kwa kuwa ndizo hupotea kwanza. Nazo zitumike kwa hadhari. Anayevuta mkono wa nusu inchi kwa nguvu zake zote huku mwisho wake ni mraba wa 3/8, akivunja asimlaumu Mchina.

Ekstensheni zina tabia yake pia. Kadiri chuma kilivyo kirefu ndivyo kinavyojinyonga unapovuta. Ndiyo sababu zinapangwa kwa urefu, ili jicho lichague upesi ile fupi kuliko zote inayofika. Na racheti, ndani yake mna gurudumu la meno na ulimi wa chuma unaosukumwa na springi. Ukivuta, ulimi unang'ata, ukirudisha, unateleza. Yenye meno 24 huhitaji nafasi ya nyuzi 15 kabla ya kung'ata jino jingine, yenye meno 72 hutosheka na nyuzi 5, nayo ndiyo ya mahali finyu. Bolti iliyoliwa na kutu haifunguliwi kwa racheti iliyovishwa bomba, maana ulimi utakatika. Hiyo ni kazi ya mkono mnene usio na meno. Na vumbi jekundu la Handeni, likikutana na grisi nyingi ndani ya racheti, hutengeneza tope linalosaga. Tone la oili nyepesi latosha.

Sihitaji kusema haya yote yanataka kabati la droo la kununua ng'ambo. Seremala yeyote wa Manundu anaweza kukuchongea ubao wenye vijiti vya kusimamishia soketi na mifereji ya kulaza ekstensheni. Ukanda wa tyubu ya baiskeli huzishika zisiruke, na kipande cha sponji ya godoro chini ya kifuniko hukandamiza vyote, jambo muhimu kwa sanduku linalopanda bodaboda. Muhimu zaidi ni kwamba kila kitu kiwe na shimo lake, ili kisipokuwepo, shimo lipige kelele. Mafundi wa ndege hufanya hivyo duniani kote, kwa maana bisibisi iliyosahauliwa ndani ya ndege si hasara ya bisibisi.

Katika karakana kubwa za zamani, aliyechukua spana stoo aliacha kisahani cha shaba chenye namba yake msumarini. Mafundi wetu wa chini ya mwembe huazimana kila siku, na bila kuazimana hawaishi. Kizibo cha soda chenye jina, kikiwekwa ndani ya shimo tupu, chafanya kazi ileile ya kisahani. Gharama yake ni soda, ambayo umekwisha kuinywa.

Jambo hili halihusu unadhifu tu. Chini ya mti pale nilimsikia fundi akimwambia mwanafunzi kwamba ile ekstensheni isipopatikana, itakatwa kwenye posho yake. Yule kijana hakujibu. Hakuna aliyehesabu vifaa jana yake kabla ya kabini kushushwa, na pasipo hesabu, hasara humwangukia mdogo. Sanduku ambalo shimo lake linaonekana tupu lingemwuliza swali yule aliyekuwa na ekstensheni mkononi.

Ya kuazima ilifika saa tisa alasiri. Plagi zilibadilishwa kwa muda usiozidi nusu saa. Tuliingia Handeni saa kumi na moja kasoro, soko limepungua, na mama akauza nyanya zake kwa bei aliyopewa.

Kabla hatujaondoka pale njiani, dereva wetu alikuwa amempata kwa simu dereva wa lile Fuso, ambalo lilitoka Korogwe alfajiri na mzigo wa mahindi kwenda Dar es Salaam. Lilikuwa limefika Chalinze. Dereva akasimama pembeni, akainua kabini, akatazama. Ekstensheni ilikuwa imelala juu ya kishikio cha injini, na kati yake na feni palikuwa na upana wa kiganja kimoja.