Unauza unga wa "kuongeza maisha"? Soma hii kabla hujatuma mzigo

Fikiria meseji hii inaingia saa mbili usiku: "Dada, ule unga wa mlonge mama kaupenda. Vidonge vya sukari tumeviacha, si ulisema unga unatosha?"

Wewe hukusema aache vidonge. Uliandika tu kwenye status: "Kinga ya sukari, presha na uzee." Lakini mteja kaelewa alivyoelewa, na mama wa watu kaacha dawa.

Sisi wa Newala na Masasi tunaijua hii biashara. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishalipa, wazee wanashika hela, na watoto wao walioko Dar nao wanataka kuwatunza. Hapo ndipo makopo ya "kurudisha ujana" yanapopata soko.

Ukweli ni huu: hakuna kirutubisho kilichothibitishwa kumwongezea binadamu miaka ya kuishi. Marekani, utafiti unaoitwa VITAL uliwafuatilia watu karibu 26,000 wa makamo na wazee kwa takriban miaka mitano. Waliopewa vidonge vya vitamini D hawakupungukiwa na saratani, wala shambulio la moyo na kiharusi, kuliko waliopewa vidonge vitupu. Hiyo ni vitamini ya kiwandani iliyopimwa kwa hela nyingi. Sasa wewe na pakiti yako ya gramu 100 utaahidi nini?

Usikate tamaa, biashara ipo. Uza chakula kizuri kwa wazee, na kisemee kama chakula.

1. Anza na kilichopo kwetu. Gramu 100 za korosho zina protini karibu gramu 18, na mzee anahitaji protini ili misuli isiishe. Tatizo ni meno. Mzee asiye na meno hatafuni korosho nzima, kwa hiyo muuzie iliyosagwa laini, achanganye kwenye uji. Uliza kwanza kama ana aleji ya korosho.

2. Mlonge ukaushe kivulini, siyo juani. Jua linaharibu rangi na vitamini. Funga kwenye pakiti isiyopitisha mwanga wala unyevu.

3. Kabla hujapokea hela, uliza maswali mawili: Nani atatumia? Anatumia dawa gani? Mlonge unaweza kushusha sukari, na mtu aliye kwenye dawa za sukari anaweza kushuka kupita kiasi. Akisema anatumia dawa, mwambie amuulize daktari kwanza na asiache vidonge vyake.

4. Chunga maneno. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS. Dawa ni TMDA, na dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ukiandika "unatibu presha", umetoka kwenye chakula umeingia kwenye dawa, na utaulizwa usajili wa dawa. Kwa alama ya TBS, anzia SIDO Mtwara, wanasaidia wajasiriamali wadogo kwa barua ya utambulisho.

5. Lebo iwe na jina la bidhaa, uzito, viungo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na namba yako ya simu.

Tangazo lako linaweza kusomeka hivi:

"Unga wa majani ya mlonge, gramu 100. Umekaushwa kivulini, Newala. Kijiko kidogo kwenye uji au mboga. Ni chakula, siyo dawa. Kama unatumia dawa za sukari au presha, muulize daktari kwanza."

Ndiyo, halina mbwembwe, na wateja wengine watakimbilia kwa anayeahidi miaka 100. Lakini atakayenunua kwako hatakupigia usiku kukuuliza kwa nini mama yake kazimia. Atakupigia mwezi ujao kuagiza pakiti nyingine.

Leo, kabla hujapakia mzigo wa basi, fungua status zako za zamani. Futa kila iliyoandikwa "inatibu".