Kutoka FCC-CACH mupaka Union sacrée: sababu gani wenye kutaka mabadiliko wamechoka

Tarehe 24 mwezi wa kwanza 2019, Félix Tshisekedi aliapishwa kuwa raisi kule Kinshasa. Tangu uhuru wa 1960, inchi haikuwa imeona raisi akimwachia mwingine kiti pasipo bunduki. Chama chake, UDPS, kilizaliwa 1982 katika upinzani dhidi ya Mobutu, na neno la baba yake Étienne, "wanainchi kwanza", lilijulikana hata vijijini. Leo wengi waliofurahi ile siku wanamuongelea kwa uchungu. Ili kuelewa ule uchungu, inafaa kufuata mapatano aliyofanya, moja kisha lingine.

Raisi bila wabunge

CENI ilitangaza kwamba Tshisekedi alipata 38,57% ya kura, na Martin Fayulu karibu 35%. Fayulu alikataa. Kanisa Katoliki nalo lilisema matokeo hayalingani na ile wachunguzi wake walikusanya. Huku mashariki kulikuwa kidonda kingine: Beni na Butembo hawakumchagua raisi. CENI ilitaja Ebola na ukosefu wa usalama, ikasogeza kura yao mupaka mwezi wa tatu 2019. Wakati huo raisi alikuwa amekwisha kuapa.

Shida ya pili ilikuwa bungeni. Katiba, kifungu cha 78, inasema raisi anapashwa kumutoa waziri mukuu ndani ya kundi lenye wabunge wengi. Na FCC ya Joseph Kabila ilikuwa na zaidi ya viti 300 kwa 500. Tshisekedi alikuwa sawa shofere mwenye kushika usukani, lakini mafuta yako kwa mwingine. Ndiyo sababu muungano wa FCC na CACH ulizaliwa. Katika serikali ya Ilunga Ilunkamba, FCC ilichukua nafasi 42, CACH ikabakia na 23.

Kuna vitu vilifanyika. Wafungwa karibu 700 wa kisiasa walipewa msamaha mwezi wa tatu 2019. Mwezi wa kenda mwaka ule, masomo ya msingi kwa shule za serikali yalitangazwa kuwa ya bure. Wazazi walipumua, hata kama madarasa yalijaa kupita kiasi. Lakini kwa majeshi, sheria na CENI, kila hatua ilikuwa mvutano. Mwezi wa saba 2020 watu waliandamana katika miji mbalimbali kukataa jina la Ronsard Malonda kwa uongozi wa CENI. Wakati huo, wengi wa upande wa raisi walikuwa bado wanamtetea: mikono yake imefungwa, walisema.

Kamba imekatwa, mzigo umebaki

Tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili 2020, raisi alitangaza mwisho wa muungano na Kabila. Kisha wabunge wengi wa FCC walihama. Mwanzo wa 2021, Union sacrée ilisema iko na wabunge 391, na Sama Lukonde akawa waziri mukuu.

Hapa ndipo malalamiko yalibadilika. Ile wingi mupya ilijengwa na watu walewale ambao upinzani ulikuwa unawashitaki kwa miaka mingi. Sura ni zile, kofia ndiyo imebadilika. Na ile sababu ya mikono kufungwa haikuwa tena na nguvu. Raisi sasa alikuwa na bunge, na serikali aliyoichagua.

Kivu na Ituri zililipa nini

Siku chache kisha serikali mupya kuanza, raisi alitangaza état de siège kwa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ilianza tarehe 6 mwezi wa tano 2021. Magavana wakawa wanajeshi, mabunge ya majimbo yakafungwa, na raia wenye makosa ya jinai wakapelekwa mbele ya tribunali za kijeshi. Kwa katiba, kifungu cha 144, hali hiyo ni ya siku 30, kisha bunge linaweza kuongeza siku 15 kwa 15. Bunge liliongeza, likaongeza tena, miezi ikawa miaka. Kuongeza kulikuwa mwepesi, sababu Union sacrée ilikuwa na wingi. Wakati ule ADF na CODECO waliendelea kuua.

Vijana wa LUCHA waliandamana Beni mwisho wa 2021 kukataa état de siège. Walikamatwa, na mwezi wa ine 2022 tribunali ya kijeshi ikawahukumu kifungo. Kwa wengi, hapo ndipo ahadi ya inchi yenye kufuata sheria ilivunjika.

Wenye kumtetea raisi wanajibu kwamba hakuna mutu anaweza kuongoza inchi kubwa hivi peke yake, na kwamba mapatano ya 2019 yaliepusha damu. Wanasema pia M23 ilirudi kwa msaada wa Rwanda; wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika vilevile, Kigali inakana. Hayo yana uzito. Lakini hayajibu swali la Beni: miaka ile ya bunge lenye wingi, raia alipata nini?

Swali lenye kubaki

Katika uchaguzi wa 2023 Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa zaidi ya 73%. Mara hii Masisi na Rutshuru ndio hawakupiga kura, sababu ya vita. Halafu, mwezi wa kumi 2024, akiwa Kisangani, raisi alisema ataunda tume kwa ajili ya katiba mupya.

Kifungu cha 220 kinakataza kugusa hesabu na urefu wa mihula ya raisi. Mwaka wa 2016 ni UDPS yenyewe ilikuwa barabarani Kinshasa, pamoja na vijana wengi, kukataa Kabila abakie kisha muhula wake wa pili kuisha. Watu walikufa kwa ajili ya jambo hilo. Kwa wale walioandamana wakati ule, mapatano mengine yote yanaweza kuelezwa kwa hesabu ya viti. Hili haliwezi, sababu viti leo viko kwa raisi mwenyewe.