Chumba cha hofu: ufunguo uwe mkononi mwa nani?



Siku ya kugawana akiba, desturi ya kikundi chetu ni kupika wali na sombe, kuhesabu franka mbele ya wote, kisha kila mtu arudi kwake. Vakansi iliyopita tuliongeza mchezo, na kila mama aliombwa aje na bwana wake. Mchezo huo ulituchekesha sana, halafu ukatunyamazisha. Tunauandika hapa kwa sababu yale tuliyojifunza yanahusu nyumba zetu zote, hata za wale ambao hawatacheza kamwe.

Mawazo yalitoka kwenye telefone. Mdogo wa mwenzetu mmoja anaishi Ubelgiji, na alimtumia dada yake video. Yeye na bwana wake walilipa pesa wafungiwe ndani ya chumba chenye giza, damu ya rangi ukutani, na mtu aliyevaa kama maiti akitembea nyuma yao. Shemeji yetu, mtu mrefu mwenye mabega mapana, alimshika mke wake mkono mpaka kucha zikaacha alama. Tuliangalia video ile mara tatu huku tukicheka. Mmoja wetu akauliza: “Sasa mtu analipaje ili aogopeshwe? Sisi hapa tuliogopeshwa bure.” Tukacheka tena. Baadaye tuliona kwamba swali lile lilikuwa na maana kuliko tulivyodhani.

Mchezo wenyewe ni nini

Tulitafuta habari zake. Mchezo huu wa chumba cha kutoroka ulianza Japani, katika mji wa Kyoto, mwaka 2007. Aliyeuanzisha ni Takao Kato na kampuni yake inayoitwa SCRAP. Kabla ya hapo watu walikuwa wakicheza jambo kama hilo kwenye kompyuta. Yeye akawaweka watu wenyewe ndani ya chumba cha kweli. Kutoka kule umeenea dunia nzima.

Kwa kawaida wanaingia watu wachache pamoja. Wanapewa muda, mara nyingi dakika 60. Ndani kuna mafumbo, namba zilizofichwa na makufuli. Fumbo moja likifumbuliwa linafungua lingine, mpaka mlango wa mwisho. Mfanyakazi anawatazama kwa kamera, na wakikwama anawapa dokezo. Vyumba vingine vinahusu wezi wa benki au hazina iliyopotea. Vingine ni vya kutisha, kama kile cha shemeji yetu.

Chumba chetu

Mwenzetu mmoja ana nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo bado inajengwa katika parseli yake. Ina vyumba viwili na mlango mmoja wenye komeo la chuma. Tuliziba madirisha kwa mikeka na blanketi. Tulitundika shuka jeupe, tukaweka fuvu la mbuzi juu ya ndoo, na kijana mmoja akakaa nyuma ya nyumba na kipande cha bati cha kutikisa.

Mafumbo yalikuwa vitendawili vyetu. “Nyumba yangu haina mlango.” Anayejua kwamba ni yai alikwenda kwenye kikapu cha mayai na kukuta ufunguo wa kufuli la kwanza. “Kuku wangu katagia miibani.” Hilo ni nanasi, na chini ya nanasi kulikuwa na karatasi yenye namba.

Kabla ya kuanza tulibishana. Wamama wengine walisema kucheza na mambo ya wafu ni kuita uchawi. Hatukuwadharau. Tulikubaliana kwamba hakutakuwa na kaburi, hakutatajwa jina la marehemu yeyote, na hakuna mtu atakayeigiza mchawi, hasa si bibi mzee wala mtoto. Sote tunajua bibi au mtoto akisingiziwa uchawi yanampata nini. Neno hilo halifai kuwa mchezo.

Tulijiona tumefikiri kila kitu.

Komeo lilipoingia

Wawili wa kwanza walitoka wakicheka, bwana amejikwaa kwenye ndoo. Wa pili walimaliza kwa dakika 20. Wa tatu walikuwa mwenzetu mmoja na bwana wake, anayeendesha pikipiki ya kukodi. Ni mtu wa mizaha, na barabara za hapa kwetu, hata ile ya kwenda Kabambare wakati wa mvua, haziogopi. Mke wake alituambia kwa sauti ya chini: “Huyu wangu giza halipendi.” Tukamjibu: “Basi ndiyo raha yenyewe.” Tukawasukuma ndani na kusukuma komeo.

Hata bati halijatikiswa, tulisikia mlango ukipigwa. Tulidhani ni mzaha. Wanaume waliokuwa nje walipiga makofi. Mlango ukapigwa tena, safari hii kwa bega, na tukasikia sauti ya mke wake: “Fungueni! Fungueni sasa!”

Tulifungua. Bwana alitoka akiwa amelowa jasho, mikono inatetemeka, pumzi inakatika. Kuna waliocheka. Mke wake hakucheka wala hakumwambia jikaze. Alimpeleka chini ya mwembe, akampa maji, akakaa karibu yake bila kusema neno. Tulimwona ameweka kiganja chake chini, karibu na cha bwana wake, bila kumshika, mpaka bwana mwenyewe alipomshika.

Baada ya muda mrefu alisema. Wakati wa vita, kati ya 1998 na 2003, alipokuwa kijana mdogo, watu wenye silaha walimfungia na wengine ndani ya ghala. Hakutuambia ni siku ngapi, na hatukuuliza. Alisema tu kwamba giza anaweza kulivumilia. Lililomshinda ni ile sauti ya komeo. Mke wake alijua kwamba hapendi giza, na kwamba kila anapoingia katika nyumba ya watu anakaa karibu na mlango. Habari za ghala alizisikia siku ile pamoja nasi.

Hakuna aliyecheka tena.

Kosa lilikuwa letu

Usiku ule tulijilaumu. Mtu mmoja alijaribu kutufariji: “Hamkujua.” Lakini tungeweza kujua. Hapa Kasongo hakuna haja ya kutafuta mbali ili kupata hadithi za kufungiwa. Mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha Tippu Tip, na watu wa Maniema walifungwa na kuchukuliwa watumwa. Bibi zetu wanasimulia uasi wa Simba wa 1964. Sisi wenyewe tumelala msituni na watoto mgongoni. Katika kila kikundi cha watu kumi hapa kwetu, ni busara kudhani kwamba yupo ambaye mlango ulishawahi kufungwa nyuma yake kweli.

Ndiyo sababu swali la mwenzetu lilikuwa na maana. Yule anayelipa Ubelgiji ananunua hofu ambayo anajua mwisho wake. Anajua kuna mtu kwenye kamera, na saa moja ikipita atakunywa chai. Hofu ni mchezo kwa yule anayejua kwamba mlango utafunguka. Asiye na uhakika huo hachezi, hata kama wengine wote wanacheza.

Kuna hatari nyingine ambayo hatukuifikiria. Tarehe 4 Januari 2019, katika mji wa Koszalin, Poland, wasichana watano wa miaka 15 waliingia chumba cha namna hii kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mmoja wao. Moto ulizuka nje ya chumba chao, na wao walikuwa ndani bila njia ya kutokea. Wote watano walikufa. Baada ya hapo serikali ya Poland ilikagua vyumba vya nchi nzima na kuvifunga vingi. Tulipoisoma habari hiyo tulikumbuka komeo letu la nje, mikeka mikavu madirishani, na babula la makaa ambalo mmoja wetu alitaka kuliweka ndani ili moshi ututishe zaidi. Tunamshukuru Mungu kwamba tulilikataa, ingawa tulilikataa kwa sababu ya kuogopa kuchafua shuka.

Tulivyobadilisha

Wiki mbili baadaye vijana walituomba turudie. Tulijadili, tukakubali kwa masharti. Komeo tuliling’oa. Mlango unarudishwa tu, haufungwi. Makufuli yapo kwenye masanduku ya ndani. Mikeka iliondolewa kwenye dirisha moja, likabaki pazia jepesi la kikwembe. Moto wa aina yoyote haukuingia, hata mshumaa. Taa ni za tochi. Na tuliweka neno moja: mtu akisema “basi”, mlango unafunguliwa na taa zinawashwa, bila swali na bila kicheko.

Tulimwendea yule bwana kumwomba radhi, na tukamwambia hana haja ya kuja. Alikuja. Hakuingia ndani, na hakuna aliyemshauri aingie. Alisema atakaa mlangoni kushika tochi na kusikiliza. Mke wake aliingia na wifi yake. Walipokwama kwenye nanasi, yeye ndiye aliyewapigia dokezo kutoka nje. Wapo waliotaka kusema kwamba hofu yake imepona. Sisi hatusemi hivyo. Tunasema tu kwamba alipata mahali pake katika mchezo bila kupimwa uanaume.

Ukiwa na mwenzako mwenye hofu

Haya tumeyaandika kwa ajili ya mchezo, lakini yanafaa safarini, kwenye mtumbwi wa kuvuka Lualaba, hospitalini, na usiku wa radi.

Uliza kabla, mkiwa wawili. Mbele ya watu mwanamume atasema haogopi. Mueleze pia kitakachotokea. Hofu ya jambo usilolijua ni kubwa kuliko ya lile uliloambiwa.

Akisema hapendi kitu, usiulize mara moja ni kwa nini. Anaweza kukuambia leo, au baada ya miaka, au asikuambie. Kuheshimu “sipendi” hakuhitaji sababu.

Moyo wake ukianza kwenda mbio na pumzi ikakatika, mtoe penye hewa. Akae, miguu yote miwili igusane na ardhi. Pumua polepole karibu yake, naye atafuata. Mpe maji. Mwambie yuko wapi na ni nani yuko pamoja naye. Usimshike kwa nguvu.

Usiisimulie hofu yake kisimani wala sokoni. Habari hii tumeiandika kwa ruhusa ya wote wawili, na tumeyaacha majina.

Hofu ikimrudia kila usiku, ikamnyima usingizi au kazi, au akaanza kuizima kwa pombe, msifanye siri. Nendeni wawili kituo cha afya mkazungumze na mganga.

Na watoto wetu

Wamama, kuna jambo lilituchoma zaidi. Tulipokuwa tukizungumza tulihesabu ni mara ngapi wiki ile tuliwaambia watoto: “Nitakufungia ndani,” au “Nitamwita mwanajeshi aje akuchukue.” Mmoja wetu alikiri kwamba alimfungia mwanawe stoo kwa sababu ya sukari iliyomwagika. Sisi tunadhani ni adhabu ndogo kwa sababu ufunguo uko kwetu. Mtoto aliye gizani hajui hilo.

Tulikubaliana siku ile kwamba katika nyumba zetu mlango hautakuwa adhabu. Hatujafaulu wote. Tunakumbushana kila Jumatano baada ya kuhesabu akiba, na anayekiri kosa hachekwi.

Mkitaka kuujaribu mchezo huu katika mtaa wenu, karibuni tuwaonyeshe. Vitendawili tunavyo vingi. Komeo hatuna tena.